Fahamu Jinsi Ndege za Kivita Zilizostaafishwa Zinavyogeuzwa Kuwa Makombora

Na Mwandishi Wetu

Ndege ya kivita inapofikia ukomo wa utumishi wake, kwa kawaida hupelekwa makumbusho, hukatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, au huegeshwa katika eneo kavu ikisubiri uamuzi. Kwa zaidi ya miaka 80 sasa, baadhi ya majeshi duniani yamekuwa yakijaribu njia nyingine: kuondoa nafasi ya rubani, kufunga mitambo inayoiongoza ndege yenyewe, na kuirusha bila mtu ndani kuelekea mahali ambako hairudi.

Suala hili lilirejea katika vyombo vya habari vya kimataifa mwezi Septemba 2025, pale China ilipoonesha hadharani ndege ya aina ya J-6 isiyo na rubani katika maonesho ya anga yaliyofanyika Changchun, mkoani Jilin. J-6 iliundwa nchini China kwa kufuata muundo wa MiG-19 ya Umoja wa Kisovieti. Ziliundwa kwa maelfu, na jeshi la China lilikamilisha kuziondoa kazini mwaka 2010. Bango lililowekwa mbele ya ndege hiyo lilieleza kuwa mizinga, matangi ya nje ya mafuta na kiti cha kujiokolea cha rubani vimeondolewa, badala yake umefungwa mfumo wa kujiendesha, na kwamba ndege ya kwanza ya muundo huo iliruka mwaka 1995.

Kwa Watanzania, ndege hiyo si ngeni. Ikiwa na jina la F-6, linalotumika kwa zile zilizopelekwa nje ya China, ilikuwa miongoni mwa ndege za kivita ambazo Tanzania ilizipokea kutoka nchi hiyo katika miaka ya 1970. Zambia, Sudan na Misri nazo ziliwahi kuitumia.

Makala haya yanafafanua maana ya ubadilishaji huo, historia yake, namna unavyofanyika, sababu zake na mipaka yake. Aidha, yanaeleza jambo linalowagusa moja kwa moja raia wasio wanajeshi: nani anabeba dhamana pale chombo cha tani kadhaa kisicho na mtu ndani kinapopotea njia.

Makundi matatu yasiyopaswa kuchanganywa

Ndege ya zamani iliyoondolewa rubani inaweza kupewa moja ya kazi tatu, na habari nyingi huzichanganya.

Kazi ya kwanza ni kuwa shabaha ya mafunzo. Ndege hurushwa juu ya eneo la jeshi lililofungwa, kisha marubani au vikosi vya ulinzi wa anga hujaribu kuitungua kwa makombora halisi. Marekani ndiyo yenye uzoefu mrefu zaidi wa kazi hii. Iliwahi kugeuza kwa ajili hiyo ndege za F-86, F-100, F-102 na F-106, na baadaye F-4, ambazo zilipewa jina la QF-4 na kuhitimisha kazi hiyo mwezi Desemba 2016. Nafasi yake ilichukuliwa na QF-16, yaani F-16 za zamani, ambazo ziliruka bila rubani kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 2013 katika kambi ya Tyndall, jimbo la Florida. Nyingi kati ya ndege hizo hutolewa katika eneo la hifadhi la Davis-Monthan, Arizona, ambako hali ya hewa kavu huzuia kutu.

Kazi ya pili ni kuwa chambo. Hapa ndege hurushwa kuelekea upande wa adui ili rada zake ziwashwe na makombora yake yafyatuliwe. Adui akishafanya hivyo, mahali alipoficha mitambo yake hujulikana.

Kazi ya tatu ni kuwa kombora lenyewe. Ndege hubeba vilipuzi na kujigonga kwenye shabaha. Ikifikia hatua hiyo, kimatumizi inaingia katika kundi la makombora ya kruzi. Kombora la kruzi huruka safari yake yote ndani ya hewa kwa kutegemea mabawa na injini, kama ndege, tofauti na kombora la balistiki ambalo hurushwa juu sana kisha huanguka kwa kasi kwenye shabaha. Kwa maelezo hayo, umbali kati ya ndege ya kivita na kombora la kruzi si mkubwa: kinachozitenganisha ni rubani na nia ya kurudi.

Historia ya zaidi ya miaka 80

Uingereza ilirusha ndege iliyoitwa Queen Bee mwaka 1935. Ilitokana na ndege ya mafunzo ya Tiger Moth, iliongozwa kwa mawimbi ya redio, na ilikuwa shabaha ya wapiga mizinga.

Jaribio kubwa la kwanza la kuigeuza ndege kuukuu kuwa bomu lilifanywa na Marekani mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika operesheni iliyoitwa Aphrodite. Ndege za mabomu zilizochakaa, hasa B-17, zilijazwa vilipuzi kwa tani. Kwa kuwa teknolojia ya wakati huo haikuweza kuipaisha ndege bila mtu, wanajeshi wawili waliipandisha angani, wakawasha mitambo ya kuongozwa kwa redio, wakaviandaa vilipuzi, kisha wakaruka kwa mwavuli. Ndege nyingine iliyofuata nyuma ndiyo iliyoiongoza hadi mwisho.

Tarehe 12 Agosti 1944, ndege ya jeshi la majini iliyokuwa katika mpango kama huo ililipuka angani mashariki mwa Uingereza kabla wanajeshi wake hawajaruka. Waliokufa ni Luteni Joseph P. Kennedy Jr., kaka yake John F. Kennedy ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, na Luteni Wilford John Willy. Ndege hiyo ilikuwa ikielekea kwenye ngome ya Wajerumani ya Mimoyecques, kaskazini mwa Ufaransa, ngome ambayo tayari ilikuwa imeharibiwa na mabomu ya Uingereza mwezi mmoja kabla. Operesheni hiyo haikuleta mafanikio yaliyokusudiwa na ilisitishwa mwaka 1945.

Baada ya vita, mwaka 1946, B-17 zisizo na watu zilitumika kupita ndani ya wingu la majaribio ya nyuklia katika kisiwa cha Bikini ili kukusanya sampuli. Mwaka 1952, katika Vita vya Korea, meli ya kubeba ndege ya Marekani, USS Boxer, ilirusha ndege sita za F6F Hellcat zilizobeba mabomu na kuongozwa kwa redio na picha za televisheni dhidi ya shabaha za Korea Kaskazini, yakiwemo madaraja. Matokeo hayakuwa ya kuridhisha, lakini wazo lilibaki.

Namna ubadilishaji unavyofanyika

Hatua ya kwanza ni ukaguzi wa mwili wa ndege. Mafundi huangalia nyufa za mabawa, kutu, mabomba ya mafuta na hali ya injini. Ndege inayotakiwa kuruka mara moja tu haihitaji uhai mrefu. Injini iliyobakiza saa chache za matumizi inaweza kutosha. Hapa ndipo ilipo sehemu kubwa ya mvuto wa mpango huu: saa ambazo zisingetosha kumrudisha rubani salama kazini kwa mwaka mzima, zinatosha kwa safari ya kwenda tu.

Hatua ya pili ni kuondoa kila kitu kilichowekwa kwa ajili ya mtu: kiti, mitungi ya oksijeni na vifaa vya kumlinda rubani. Mizinga nayo huondolewa. Uzito unaopungua hutumika kwa mafuta, mitambo au vilipuzi.

Hatua ya tatu ni kufunga ubongo mpya. Kompyuta ya urukaji huunganishwa na mota ndogo zinazosukuma usukani, breki na kidhibiti cha injini badala ya mikono na miguu ya rubani. Huongezwa vipima mwendo na mwelekeo, kipokeo cha mawimbi ya setilaiti, na katika baadhi ya miundo mfumo unaolinganisha sura ya ardhi iliyo chini na ramani iliyohifadhiwa. Ndege inayotakiwa kuongozwa kutoka ardhini hufungwa pia mawasiliano ya redio.

Hatua ya nne ni usalama. Ndege za shabaha za Marekani hubeba vilipuzi maalumu vya kuiharibu ndege yenyewe endapo itapoteza mawasiliano na kuelekea nje ya eneo lililofungwa. Hatua hii haiisaidii ndege kufika popote, na ndiyo inayoweza kurukwa na jeshi lenye haraka. Madhara yake yataonekana hapa chini.

Kwa nini majeshi yanavutiwa

Sababu ya kwanza ni gharama. Kombora jipya la kruzi aina ya Tomahawk hugharimu takriban dola milioni 2 za Marekani, na huchukua muda mrefu kuundwa. Ndege iliyostaafishwa tayari imeshalipiwa miongo kadhaa iliyopita.

Sababu ya pili ni hesabu ya mlinzi. Kombora la kisasa la kujilinda la mfumo wa Patriot hugharimu takriban dola milioni 4. Anayelinda mji au kambi akiona katika rada kitu chenye ukubwa na kasi ya ndege ya kivita, hawezi kusubiri ajue kama ndani kuna rubani au la. Atalazimika kufyatua. Ikiwa ndege kuukuu itatunguliwa, bado itakuwa imepunguza akiba ya makombora ya mlinzi na kufichua mitambo yake. Kwa sababu hiyo, wachambuzi wengi wa masuala ya kijeshi huziona ndege hizi kuwa nyenzo ya wimbi la kwanza la mashambulizi, likifuatwa na silaha za kisasa zaidi.

Sababu ya tatu ni umbali. Ndege inayokwenda bila kurudi inaweza kufika karibu mara mbili ya umbali ambao ingefika kama ingelazimika kutunza mafuta ya safari ya kurejea.

Mifano ya vita vya karibuni

Katika vita vya Nagorno-Karabakh vya mwaka 2020, Azerbaijan ilitumia An-2, ndege za propela zenye mabawa ya ghorofa mbili zilizobuniwa katika miaka ya 1940, zikiwa zimeondolewa marubani. Ziliporuka taratibu kuelekea upande wa Armenia, vikosi vya ulinzi wa anga vilizifyatulia makombora, na hivyo kuonesha mahali vilipo. Droni za kisasa zilizokuwa zikitazama kutoka juu zilimalizia kazi.

Nchini Ukraine, mfano unaojulikana zaidi ni Tu-141 Strizh. Hii haikuwa ndege ya rubani tangu mwanzo. Ilikuwa ndege ya upelelezi ya Kisovieti isiyo na mtu, yenye injini ya jeti, urefu wa zaidi ya mita 14 na uzito wa zaidi ya tani 5, iliyokusudiwa kupiga picha na kurudi kwa mwavuli. Baada ya vita kupanuka mwaka 2022, vyombo hivyo vya zamani vilihusishwa na mashambulizi ya masafa marefu, yakiwemo ya Desemba 2022 katika kambi za anga za Engels na Dyagilevo ndani ya Urusi. Mwezi Aprili 2024, ndege nyepesi ya kiraia aina ya A-22 iliyogeuzwa kuwa droni ilipiga eneo la viwanda la Yelabuga, Tatarstan, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mpaka wa Ukraine.

Mipaka ya mbinu hii

Pamoja na mvuto huo, ndege kuukuu si kombora bora. Nyingi huhitaji njia ndefu ya kurukia, nayo huonekana kwa setilaiti na inaweza kushambuliwa kabla ndege haijapaa. Kombora la kisasa hurushwa kutoka kwenye gari, meli au nyambizi. Aidha, ndege ya miaka ya 1960 haikubuniwa kujificha mbele ya rada, na mitambo yake ya kielektroniki inaweza kuvurugwa. Vilevile idadi ina kikomo: ndege hizo haziundwi tena, hivyo kila iliyorushwa hupunguza akiba.

Pale mashine inapopotea

Tarehe 16 Agosti 1956, F6F Hellcat isiyo na rubani iliyorushwa kama shabaha kutoka Point Mugu, California, ilipoteza mawasiliano na kuanza kuelekea upande wa Los Angeles. Ndege mbili za kivita aina ya F-89 zilitumwa kuitungua. Zilifyatua roketi 208, na hakuna hata moja iliyoiangusha. Ndege hiyo ilianguka yenyewe karibu na mji wa Palmdale baada ya kuishiwa mafuta. Roketi zilizoikosa ziliwasha moto ulioteketeza takriban hekta 400 na kuharibu mali za wakazi. Hakuna aliyekufa, lakini tukio lilionesha kuwa ndege isiyo na mtu inaweza kuwaweka raia katika hatari mara mbili: kutokana na yenyewe, na kutokana na juhudi za kuizuia.

Miaka 66 baadaye, usiku wa tarehe 10 Machi 2022, Tu-141 iliyotokea upande wa Ukraine ilivuka anga ya Romania, ikapita Hungary kwa takriban dakika 40, kisha ikaingia Croatia na kuanguka Zagreb, mji mkuu wa nchi hiyo, karibu na mabweni ya wanafunzi. Magari kadhaa yaliharibika. Hakuna aliyepoteza maisha. Wachunguzi wa Croatia walieleza kuwa walikuta mabaki ya bomu. Urusi na Ukraine kila moja ilikanusha kuwa chombo hicho ni chake.

Ukanushaji huo unaeleza tatizo lenyewe. Ndege yenye rubani inapovuka mpaka, yupo mtu wa kuitwa kwa redio, wa kulazimishwa kutua na wa kuhojiwa. Chombo cha zamani ambacho nchi mbili zilikirithi kutoka jeshi moja hakina wa kumwuliza. Nchi tatu zilipitiwa na chombo hicho bila kukizuia, na wanafunzi waliokuwa karibu na mahali kilipoanguka waliokolewa na bahati.

Sheria za kimataifa zinasemaje

Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa uliosainiwa Chicago tarehe 7 Desemba 1944 unahusu ndege za kiraia, lakini Ibara yake ya 3 inakataza ndege za serikali, zikiwemo za kijeshi, kuruka juu ya nchi nyingine bila idhini. Ibara ya 8 inataka ndege isiyo na rubani isiruke juu ya nchi mwanachama bila kibali maalumu, na kila nchi ihakikishe kuwa ndege hizo zinadhibitiwa ili zisihatarishe ndege za kiraia. Inafaa kukumbuka kuwa ibara hiyo iliandikwa mwaka uleule wa operesheni ya Aphrodite.

Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977 katika Mikataba ya Geneva nayo inagusa suala hili kwa namna tatu. Ibara ya 36 inaitaka nchi inayounda au kupata silaha mpya, au mbinu mpya ya kivita, kuchunguza kama matumizi yake yanakubalika kisheria. Ibara ya 51 inakataza mashambulizi yasiyobagua, yakiwemo yanayotumia silaha isiyoweza kuelekezwa kwenye shabaha mahususi ya kijeshi. Ibara ya 57 inamtaka anayeshambulia kuchukua tahadhari zote zinazowezekana ili kuwaepusha raia. Umri wa ndege hauondoi wajibu huo. Jeshi linalorusha ndege ya miaka 60 iliyopita linawajibika kwa usahihi wake sawa na linalorusha kombora jipya.

Upo pia Utaratibu wa Udhibiti wa Teknolojia ya Makombora wa mwaka 1987, ambao nchi 35 zimekubaliana kudhibiti uuzaji wa makombora na ndege zisizo na rubani, hasa zenye uwezo wa kubeba kilo 500 kwa umbali wa kilomita 300. Afrika Kusini ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyomo. Utaratibu huo si mkataba wenye nguvu ya kisheria, na ulilenga zaidi vyombo vinavyovuka mipaka kibiashara. Ni vigumu zaidi kuufuatilia ubadilishaji unaofanywa ndani ya karakana ya nchi kwa ndege inayoimiliki tayari.

Mambo ya kuzingatia kwa msomaji

Mwananchi anayefuatilia habari za aina hii anashauriwa kujiuliza maswali manne kabla ya kuipokea au kuisambaza. Je, ndege inayotajwa ni shabaha ya mafunzo, chambo au kombora? Je, taarifa inahusu ndege iliyooneshwa katika maonesho, au iliyothibitika kutumika vitani? Je, ilikuwa ndege ya rubani iliyobadilishwa, au droni ya tangu mwanzo kama Tu-141? Je, aliyetoa taarifa ni mamlaka husika, au ni picha isiyo na chanzo?

Hapa nchini, matumizi ya ndege zisizo na rubani, hata zile ndogo za kupigia picha, yanasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na yanahitaji kibali. Msingi wa sharti hilo ni uleule uliowekwa katika Mkataba wa Chicago: chombo kinachoruka bila mtu ndani ni lazima kiwe na mtu anayejulikana ardhini anayewajibika nacho.

Msingi huo unahusu droni ya gramu mia kadhaa sawa na unavyohusu ndege ya kivita ya tani 8. Ndege kuukuu inaweza kupewa kompyuta mpya, ramani mpya na kazi mpya, lakini dhamana haiwezi kuondolewa pamoja na kiti cha rubani. Inabaki kwa aliyeirusha.